Nyuzi bapa za gita la besi, na mzee wa fidla aliyenifundisha kuzichagua

Kwa miaka tisa nilipiga gita la besi katika bendi ya dansi jijini Dar es Salaam bila kujiuliza hata mara moja nyuzi zangu zimetengenezwaje. Zikichakaa nilikwenda Kariakoo, nikanunua pakiti niliyoikuta dukani, nikazifunga na kuendelea na kazi. Zote zilikuwa za aina moja, ile ambayo waya wa nje unaozungushiwa kiini cha chuma ni wa mviringo, kiasi kwamba ukipitisha ukucha juu yake unasikia mkwaruzo kama wa kijiti kinachopita kwenye meno ya kitana. Wapigaji huziita nyuzi za raundi. Nilikuwa nimesikia kwamba zipo nyingine, ambazo waya wa nje ni utepe bapa uliolazwa ubavu kwa ubavu hadi uzi mzima ukawa laini kama spoku ya baiskeli, na kwamba hizo huitwa flati. Lakini jina lenyewe lilinikimbiza, maana katika bendi mtu akikwambia uko flati anakutuhumu kwamba sauti yako imeshuka, na hakuna mwanamuziki anayependa kununua tuhuma.

Mwaka 2016 nilihamishiwa Tanga kikazi. Mwenzangu wa ofisini, ambaye shangazi yake alikuwa mwimbaji, alinipeleka kwenye kikundi cha taarab ya zamani kilichokuwa kikifanya mazoezi uani kwa watu, Ngamiani, jioni za Jumanne na Alhamisi. Walikuwa na fidla mbili, akodiani, udi, kinanda na dumbaki, na mpiga besi wao alikuwa amehama mji. Tanga hakuna anayeshangaa kuona gita la besi katikati ya taarab, kwani vikundi vya huko, Black Star kikiwa mbele, viliingiza magita ya umeme tangu miaka ya 1960, wakati Unguja vikundi kama Culture Musical Club vikiendelea kuitegemea ile besi kubwa ya mbao ambayo mpigaji huisimamia kama anayemkumbatia mtu. Kwa hiyo nilipokewa vizuri. Nilipewa kiti karibu na mzee wa fidla ya kwanza, nikamwamkia, nikachomeka waya kwenye amplifaya, na tukaanza.

Wimbo ulikuwa wa mwendo wa polepole. Baada ya beti mbili mzee alishusha upinde, na wenzake wote wakanyamaza.

“Mwanangu,” aliniambia, “mkono wako ni mzuri, lakini vidole vyako vinasema kabla ya nota. Kila ukihama nasikia panya.”

Sikuwahi kumsikia panya huyo. Katika dansi kuna magita matatu, tarumbeta, ngoma za vijiti na hadhira inayoongea. Mkwaruzo wa kidole kinachoteleza juu ya waya wa mviringo humezwa na yote hayo, na mara nyingine humsaidia mpigaji, kwa kuwa unaipa nota makali ya kuonekana katikati ya vurugu. Pale uani, ambapo mwimbaji alikuwa akiingia peke yake huku dumbaki likigongwa kwa ncha za vidole, kila nilipopanda kutoka freti ya tatu kwenda ya saba, zile fito nyembamba za chuma zilizokatiza shingo ya gita, kulikuwa na mlio mwembamba uliotangulia sauti. Baada ya kuonyeshwa niliusikia kila mahali, hata katika rekodi zangu za zamani za simu.

Nilianza na dawa rahisi. Niliifunga kabisa swichi ya sauti za juu kwenye gita, na panya akapungua, lakini nota nazo zikawa kama zinazotoka chini ya mto wa kulalia. Mwanzo wa kila nota, ambao ndio unaomwambia mpiga dumbaki tuko wapi, ulipotea pamoja na mkwaruzo. Nikajaribu kuinua kidole kikamilifu kila ninapohama badala ya kukiburuta, jambo ambalo ni adabu nzuri ya mkono kwa vyovyote vile, ila katika taarab kuburuta kwenyewe ni sehemu ya lugha: mwimbaji anateleza, fidla inateleza, na besi inayoruka kutoka nota hadi nota kama mtu anayevuka mtaro inasikika ngeni.

Kilichonipa fununu ya kwanza ni uchafu. Huko Dar, kama wapiga besi wengi wasio na fedha za kubadilisha nyuzi kila mwezi, nilikuwa na desturi ya kuzivua zinapofifia, kuziloweka usiku kucha katika spiriti, kuzikausha na kuzifunga tena, nazo hurudisha mng’ao wao kwa wiki moja au mbili. Sababu yake haina muujiza: jasho, mafuta ya ngozi na vumbi hujaa katika mifereji midogo iliyo kati ya mizunguko ya waya, vikazuia uzi kutetemeka kwa uhuru katika sauti zake za juu, na spiriti huviyeyusha. Tanga, kwa joto na chumvi ya hewani, nyuzi zangu zilikufa upesi zaidi, na nikagundua kwamba kadiri zilivyokufa ndivyo mzee alivyogeuza shingo mara chache kunitazama. Nilikuwa nimetumia miaka tisa kupigana na hali ambayo sasa ndiyo iliyotakiwa. Uzi mchafu wa raundi, hata hivyo, ni mfu wa vibaya: unafifia bila usawa, mahali panapoguswa sana na kidole pakiwa pazito kuliko pengine, na baada ya muda hautulii kwenye sauti yake, hivi kwamba nota ya freti ya 12 hailingani tena na uzi ulio wazi, yaani usiobonyezwa.

Alhamisi moja, wakati tukisubiri chai, mzee alinipa fidla yake. Akaniambia nipitishe kidole juu ya uzi mnene kuliko zote. Nilitarajia kuhisi mifereji, kwa kuwa niliona wazi kwamba uzi ule umezungushiwa waya, lakini kidole kiliteleza kama juu ya kioo. Akasema, kana kwamba anamweleza mtoto, kwamba upinde ungepitaje kama uzi ungekuwa na meno? Nyuzi za fidla huzungushiwa utepe bapa, na ndivyo zilivyo pia za besi kubwa ya mbao. Ala iliyokuwa na taabu katika kikundi kile ilikuwa moja tu, nayo ni ile niliyokuja nayo mimi.

Baadaye, nilipoanza kusoma kwa makini, nilijifunza kwamba hata gita la besi la umeme lilianza upande huo huo. Mtengenezaji wa magita aitwaye Leo Fender alipolitoa gita lake la besi, Precision Bass, huko California mwaka 1951, alikuwa akiwatengenezea watu ala ya kuchukua nafasi ya besi kubwa ya mbao, na nyuzi zake za awali zilikuwa bapa. Nyuzi za raundi kwa besi zilipata umaarufu baada ya mwaka 1966, pale kampuni ya Rotosound ya Uingereza ilipoziboresha ikishirikiana na John Entwistle, mpiga besi wa kundi la The Who, ambaye alitaka besi ing’ae kama piano. Kabla ya hapo, na hata baadaye kwa waliokataa kubadilika, sauti ya chini ya rekodi nyingi za Marekani ni sauti ya utepe bapa. James Jamerson, mpiga besi aliyepiga karibu kila kitu kilichotoka kampuni ya rekodi ya Motown kule Detroit katika miaka ya 1960, alitumia nyuzi bapa nzito za La Bella, akapiga kwa kidole kimoja cha shahada, akaweka sponji chini ya kifuniko cha daraja, pale nyuzi zinapofungwa kwenye mwili wa gita, na inasemwa kwamba hakubadilisha uzi ila ukikatika. Nilizisikiliza rekodi hizo upya, safari hii nikitafuta panya. Hayupo.

Hapo ndipo nilipofanya kosa la fedha. Nilisafiri kwenda Dar kwa shughuli nyingine, nikaingia duka moja la ala, nikauliza nyuzi bapa za besi, na muuzaji akanitolea pakiti yenye jina kubwa kwa bei iliyonifurahisha kupita kiasi. Furaha ile ingepaswa kunitisha, kwa sababu kutengeneza uzi wa utepe bapa kuna hatua zaidi ya kutengeneza wa raundi, na kwa kawaida bei yake huwa juu zaidi. Nilipozifunga zilikuwa laini kwa kiasi fulani, lakini mzee bado alimsikia panya, wa mbali. Nilizichunguza kwa lenzi ya fundi saa, na nikaona waya wa mviringo uliosagwa kwa juu ili uonekane bapa. Nyuzi za namna hiyo zipo kihalali, watengenezaji waaminifu huziuza kama nusu raundi, na kuna wapigaji wanaozipenda kwa kuwa zinakaa katikati ya pande mbili. Hizi zangu hazikuwa za mwaminifu yeyote. Wiki ya tatu waya wa nje wa uzi wa nne ulianza kufunguka karibu na daraja.

Tangu hapo sijanunua uzi kabla ya kuupitishia ukucha nikiwa bado dukani. Utepe bapa wa kweli hautoi sauti yoyote, na ukiutazama kwenye mwanga unaona mistari myembamba tu ambapo kingo za utepe zinakutana.

Seti yangu ya kwanza halisi ililetwa na binamu yangu anayeishi Maskati, alipokuja kwa ajili ya Idi. Ilikuwa ya chuma kisichoshika kutu, na vipimo vyake, kwa elfu za inchi, vilikuwa 45, 65, 85 na 105, sawasawa na nyuzi za raundi nilizozizoea. Nilichagua vipimo hivyo kwa makusudi, nikidhani kwamba unene ukiwa uleule basi kila kitu kitabaki kilevile. Kama kuna sehemu moja ya simulizi hii ambayo ningependa mpigaji mwenzangu aisome mara mbili, basi ni hii.

Mvutano wa uzi hautokani na unene. Unatokana na mambo matatu: urefu wa uzi kati ya nati, kile kipande chenye mifereji kwenye kichwa cha shingo, na daraja, ambao kwa besi nyingi ni milimita 864, sauti unayotaka itoke, na uzito wa uzi kwa kila sentimita. Mambo mawili ya kwanza hayabadiliki ukibadilisha seti. La tatu hubadilika, kwa sababu waya wa mviringo huacha mapengo ya hewa kati ya mizunguko, ilhali utepe bapa huyajaza mapengo hayo kwa chuma. Hivyo kwa unene uleule uzi bapa kwa kawaida huwa mzito zaidi, na ili ufikie sauti ileile lazima uvutwe kwa nguvu zaidi. Nyuzi nne za kawaida huivuta shingo ya besi kwa nguvu ya zaidi ya kilo 70. Ukiongeza hapo, shingo inajua.

Yangu ilijua kufikia asubuhi. Ilikuwa imepinda mbele kama upinde wa mzee, nyuzi zimesimama juu ya freti hata kubonyeza nota ya freti ya tano kukawa kazi ya kubeba zege. Kibaya zaidi, uzi wa E, ule mnene kuliko zote, ulikataa kulala katika mfereji wake kwenye nati, ukawa umeegemea juu kama abiria aliyekosa kiti, na kwa haraka zangu nikachukua tupa na kuupanua mfereji. Niliupanua pia kwenda chini bila kukusudia. Uzi ukashuka, na tangu siku hiyo E iliyo wazi ikawa inagonga freti ya kwanza na kuvuma kama nyuki chupani. Nati mpya, ya mfupa wa ng’ombe, ilichongwa na fundi seremala wa mtaani ambaye hajawahi kupiga gita lakini ana mkono kuliko mimi, naye alinisisitizia jambo ambalo ningelijua kama ningeuliza: mfereji unapanuliwa kwa ubavu, na chini haupelekwi ila kwa kupima.

Shingo yenyewe haikuwa na tatizo la kudumu. Ndani yake kuna fito ya chuma ambayo hukazwa kwa ufunguo wa pembe sita, na nikajifunza kuizungusha robo mzunguko tu, kisha kuliacha gita litulie hadi kesho yake, kwa kuwa mbao haziitikii amri papo hapo. Kipimo changu hadi leo ni cha kimaskini lakini hakijanidanganya: nabonyeza uzi wa E kwenye freti ya kwanza na ya mwisho kwa wakati mmoja, kisha naangalia pengo lililobaki juu ya freti ya saba. Kadi nyembamba ya jina ikipita kwa kugusa kidogo, nimeridhika. Baada ya hapo hushughulikia urefu wa nyuzi kwenye daraja, na mwisho hulinganisha sauti ya freti ya 12 na ile ya uzi ulioguswa tu mahali hapo bila kubonyezwa. Nota iliyobonyezwa ikiwa juu, kiti cha uzi kwenye daraja hurudishwa nyuma, ikiwa chini husogezwa mbele. Mpangilio huu lazima ufuatwe. Niliwahi kuanza na la mwisho, nikarudia yote.

Seti ile ilinipa sauti niliyoitafuta uani. Panya alikufa. Lakini arusi ya kwanza niliyoipigia nikiwa nayo, chini ya turubai, watu zaidi ya mia tatu na spika mbili za kukodi, sikusikika kabisa. Mpiga kinanda alinipungia mkono nipandishe, nikapandisha. Sikusikika, nikaongeza sauti za chini kwenye amplifaya, na hapo kukatokea ngurumo isiyo na nota ndani yake, iliyomfunika mwimbaji bila kunifunua mimi. Usiku ule niliichukia kila pesa niliyoitumia.

Nilichukua muda kuelewa. Uzi wa E ulio wazi hutetemeka mara 41 kwa sekunde, na spika ndogo za kukodi haziwezi kuitoa sauti hiyo kwa nguvu yoyote ya maana. Ambacho sikio hushika, na kwacho huitambua nota, ni sauti za juu yake, mara mbili, mara tatu, mara nne ya hiyo. Nyuzi za raundi zinazo nyingi za namna hiyo hadi juu kabisa. Nyuzi bapa zimezipunguza zile za juu sana, ambazo ndizo zinazobeba mkwaruzo na mng’ao, na kuacha nguvu nyingi chini na katikati. Kwa hiyo kuongeza chini kulikuwa sawa na kumwongezea chumvi mtu anayelalamika kwamba chakula hakina sukari. Arusi iliyofuata nilipunguza sauti za chini, nikapandisha za kati kwa kiasi ambacho nilipokuwa peke yangu kilisikika kama mtu anayesema puani, na mara ala zote zilipoingia, pua ile ikawa sauti. Mpiga dumbaki alinigeukia akatabasamu, jambo ambalo halifanyi mara nyingi.

Hata hivyo mikono yangu ilikuwa inauma. Arusi ya pwani haina saa ya kuisha, na kubonyeza nyuzi zenye mvutano ule kwa saa tano kuliniletea maumivu ya kifundo cha mkono wa kushoto ambayo yalinifuata hadi kwenye kompyuta ya ofisini. Nilimwambia mzee kwamba huenda nikarudi kwenye raundi. Aliniuliza kama nyuzi zangu zimeandikwa ni za mvutano gani. Nilikuwa sijui kwamba jambo hilo huandikwa. Yeye kwa nyuzi za fidla huchagua kwa mvutano kwanza, mlio baadaye, na akanionyesha pakiti kuukuu aliyoitunza kwenye sanduku la fidla: Thomastik-Infeld, ya Vienna, nyumba iliyoanza mwaka 1919 kwa kutengeneza nyuzi za ala za upinde. Aliniambia nitazame kama watu hao hawatengenezi za besi.

Wanatengeneza. Ni seti ya utepe bapa wa nikeli, yenye vipimo vya 43, 56, 70 na 100, na inajulikana miongoni mwa wapigaji kwa mvutano wake mdogo. Bei yake ilinifanya nifunge ukurasa na kuufungua tena mara kadhaa. Binamu alizileta safari iliyofuata, nami nikazifunga kwa heshima niliyopaswa kuwa nayo tangu zamani: kila uzi nikaukunja kwa pembe kali mahali nilipotaka kuukata kabla ya kuukata, ili utepe usilegee na kuanza kufunguka kutoka kwenye kiini, na nikahakikisha kwamba sehemu iliyofungwa hariri kwenye ncha inaanza baada ya nati, kwani uzi wa besi ndefu na uzi wa besi fupi haziingiliani, na ncha nene isiyo na hariri haipendi kuzungushwa kwenye ufunguo wa kukazia uzi.

Safari hii shingo ilirudi nyuma, nikalazimika kuilegeza ile fito niliyoikaza. Nyuzi zilikuwa laini mno chini ya kidole; kwa mkono wangu wa dansi, uliozoea kuchapa, zilipepea na kugonga freti. Ilibidi nijifunze kupiga upya. Nilisogeza mkono wa kulia karibu na daraja, ambapo uzi ni mgumu zaidi, nikapunguza nguvu karibu nusu, na kuiachia amplifaya kazi ya ukubwa wa sauti. Baada ya miezi miwili kifundo kilinyamaza. Mzee alisema kwamba sasa ninapiga kama mtu anayeongea na mgeni, na nikalichukua hilo kama sifa, ingawa kwa Kitanga unaweza ukawa unasifiwa na kukosolewa kwa maneno yaleyale.

Kwa nyimbo za mwendo wa taratibu naweka pia kipande cha sponji ya kuoshea vyombo, kilichokatwa kwa unene wa kidole, chini ya nyuzi karibu na daraja. Nota inakatika mapema, ikifanana zaidi na besi ya mbao. Ni shilingi mia chache, na kwa mtu ambaye hana uwezo wa kununua nyuzi bapa leo, sponji juu ya nyuzi za raundi zilizochakaa itampeleka karibu nusu ya safari.

Faida nyingine niliikuta katika maqamu, zile ngazi za sauti za muziki wa Kiarabu. Katika moja yake, bayati, hatua ya pili hukaa kati ya freti mbili, mahali ambapo gita langu halina nota, na wapiga besi wengi huiruka na kubaki kwenye mzizi na hatua ya nne na ya tano, kama ninavyofanya mimi mara nyingi. Lakini kwa uzi laini wenye mvutano mdogo naweza kuusukuma pembeni nikapandisha nota kidogo, au kuteleza nikapita pale pasipo freti bila kelele, na sikio la msikilizaji hujaza lililobaki. Sikuweza kufanya hivyo kwa ile seti ya chuma, iliyokuwa imekazwa kama kamba ya mashua. Walio na besi isiyo na freti wanapata faida zaidi, kwani nyuzi bapa hazikwangui ubao wa vidole. Mpiga besi wa Marekani Jaco Pastorius, aliyeng’ang’ania nyuzi za raundi kwenye besi yake isiyo na freti, alilazimika kuupaka ubao wake epoksi, gundi ngumu ya mashua, ili usiliwe.

Kuhusu muda, nyuzi bapa mpya si pole kama watu wanavyodhani. Kwa wiki za kwanza zina mlio wa chuma, na Steve Harris, mpiga besi wa kundi la Iron Maiden, amejenga sauti yake yote ya rock juu ya upya huo, kwa kuzibadilisha kila mara. Mimi nilifuata njia ya Jamerson. Seti ya Vienna iliingia kwenye gita mwaka 2018, na kila baada ya kupiga huifuta kwa kitambaa kikavu cha pamba, basi. Jasho halina mfereji wa kujificha. Nikigawa bei yake kwa miaka iliyokaa, ni rahisi kuliko pakiti za Kariakoo nilizokuwa nikizimaliza.

Sijazipeleka kwenye dansi. Nilijaribu mara moja, nilipoalikwa na bendi yangu ya zamani, na wakati wa chemko, pale solo na magita ya kati yanapofukuzana, besi yangu ilikuwa kama mtu aliyevaa kanzu kwenye mashindano ya mbio: heshima tele, kasi hakuna. Mpiga solo aliniuliza kama waya wangu umekatika. Kwa kazi hizo nina gita la pili, la bei nafuu, lenye raundi za 45 hadi 105, na freti zake zimeshaanza kuchimbika kwa waya wa mviringo, wakati za gita la taarab bado ziko kama zilivyokuwa nilipoacha raundi.

Mwaka jana uzi wa G wa ile seti, ule mwembamba kuliko zote, uliachia utepe karibu na daraja, wa kwanza kufa baada ya muda wote huo. Niliagiza uzi mmoja tu, maana ilionekana upotevu kuvua nyuzi tatu nzima. Nilipoufunga ulilia kama kengele ya shule kando ya wenzake watatu wazee, na kila nilipoupitia mzee aligeuka. “Umetuletea bibi arusi katikati ya wakwe,” alinitania Alhamisi ya kwanza, na akaendelea kuniuliza hali ya bibi arusi kila wiki. Nilijaribu kumchakaza kwa makusudi, nikimpiga nyumbani jioni nzima kwa mikono niliyoipaka mafuta ya nazi, na mke wangu akaniambia kwamba sasa nimezidi. Ilichukua miezi saba. Sikujua kwamba imekwisha hadi nilipogundua, katikati ya wimbo wa tatu, kwamba tumeshapita sehemu yote ya G na shingo ya mzee haijasogea kutoka kwenye fidla.